Wodi ya Wazazi na Uwanja wa Ndege

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 Tanzania ilihesabu watu wake. Matokeo yalipotangazwa, idadi ilisimama kwenye 61,741,120, kutoka 44,928,923 waliohesabiwa mwaka 2012. Kasi ya ongezeko ikawa asilimia 3.2 kwa mwaka. Upande wa pili wa dunia, Kanada ilipofunga hesabu zake za mwaka 2023, nayo ilikuta imeongezeka kwa asilimia hiyo hiyo, 3.2. Haikuwa imekua kwa kasi kubwa kuliko hiyo tangu 1957, enzi za uzazi mwingi wa baada ya vita, mwaka ambao pia wakimbizi wa Hungaria waliingia kwa maelfu.

Namba ni moja, milango ni miwili. Tanzania, karibu wote walioongezeka walizaliwa ndani ya nchi: kwenye wodi za wazazi, kwenye zahanati, na wengine nyumbani mikononi mwa wakunga wa jadi. Kanada, katika watu 1,271,872 walioongezeka mwaka huo, asilimia 97.6 walitoka nje. Mwanamke wa Kanada mwaka 2023 alikuwa na wastani wa watoto 1.26, chini sana ya 2.1 wanaotakiwa ili kizazi kimoja kirithiwe na kingine bila kupungua. Kwa mwanamke wa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wastani wa watoto 4.8.

Mjadala wa uhamiaji, uwe Ottawa, London au Berlin, hukwama kwenye neno moja: wangapi. Waingie laki tatu au laki tano? Ni swali la haki kabisa, lakini huwa linafunika jingine lenye uzito kuliko lenyewe. Huyo anayeingia ana umri gani, na usiku wake wa kwanza atalala wapi?

Mtoto mchanga hana haraka ya nyumba. Kitanda chake ni cha mama yake. Anachoidai serikali ni kadi ya kliniki, chanjo, mzani wa kuning'inizwa mtini siku ya kliniki, na muuguzi wa kuandika kilo zake. Dawati atalidai baada ya miaka sita. Nafasi ya kidato cha kwanza ataitaka akimaliza shule ya msingi, kitambulisho cha taifa akifika 18, chumba cha kupanga na kazi baada ya hapo. Serikali inapewa karibu miongo miwili ya kujiandaa kwa kila anayezaliwa. Ikishindwa kumpa dawati, haiwezi kusema ilishtukizwa, kwa maana jina lake lilikuwa kwenye daftari la kliniki miaka sita nyuma.

Sasa mtazame kijana anayeshuka Toronto mwezi Januari kwa kibali cha masomo, na koti ambalo halijawahi kuona theluji. Chumba anakihitaji usiku huo huo. Kabla ya kusafiri ameonyesha fedha za kujikimu; mwanzoni mwa 2024 kiwango chake kilipandishwa kutoka dola 10,000 za Kanada hadi 20,635. Nyuma ya fedha hizo mara nyingi kuna kiwanja kilichouzwa au mkopo wa ushirika aliouchukua mzazi. Mwenye nyumba wa huko, jimbo la Ontario, anamdai kodi ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa mwisho kwa mkupuo mmoja. Anachokipata ni nafasi kwenye chumba cha chini ya nyumba ya mtu, huko Brampton, jirani na Toronto: magodoro mawili sakafuni, kidirisha kimoja kilicho usawa wa theluji, jokofu lililogawanywa kwa rafu, kila rafu na jina lake. Kesho yake anatafuta namba ya hifadhi ya jamii ili aweze kuajiriwa. Wiki haijaisha, tayari ni mpangaji, abiria wa basi, mteja wa duka la chakula na mlipa kodi.

Hapo ndipo asilimia 3.2 ya uwanja wa ndege inapotofautiana na ile ya wodi. Mwaka 2023 Kanada ilianza kujenga nyumba takriban 240,000. Gawanya ongezeko la watu kwa idadi hiyo: watu watano na ushee kwa kila msingi uliochimbwa, katika nchi ambayo kaya ya kawaida ina watu wawili na nusu hivi. Na msingi uliochimbwa leo haulazi mtu leo. Kodi za nyumba zilipanda, foleni kwenye vituo vya kugawa chakula zikarefuka, na Benki Kuu ya nchi hiyo ikaanza kuzungumza hadharani juu ya uhusiano kati ya ongezeko la watu na upungufu wa nyumba.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu ni kwamba Kanada haikuwa nchi isiyopanga. Pengine hakuna taifa lililopanga uhamiaji kwa utaratibu kuliko hilo. Mwaka 1967 ilianzisha mfumo wa alama: elimu, lugha, ujuzi na umri vikachukua nafasi ya ubaguzi wa nchi na rangi uliokuwapo. Mpaka leo, katika mfumo wake mkuu wa kuchagua wahamiaji wa kudumu, mwenye umri wa miaka 20 hadi 29 hupata alama zote za umri. Zinapungua kadiri anavyokua, na akifika 45 hapati hata moja. Lugha nayo ina thamani yake. Tangu 2023 wanaozungumza Kifaransa huitwa katika mafungu yao maalumu, jambo ambalo kwa msomi wa Bukavu au Lubumbashi, aliyekua na Kiswahili nyumbani na Kifaransa darasani, limefungua njia ambayo mwenzake wa Tabora hana.

Tena sheria inamtaka waziri wa uhamiaji apeleke mpango wake bungeni kila mwaka, kwa namba zinazosomeka. Mpango uliotangazwa Novemba 2022 ulitaja wakaazi wapya wa kudumu 465,000 kwa 2023, 485,000 kwa 2024 na 500,000 kwa 2025. Wabunge walizijadili namba hizo na magazeti yakazichambua. Mwaka 2023 ulipokwisha, wakaazi wa kudumu walioingia walikuwa 471,771, karibu sawasawa na mpango. Lakini mwaka huo huo wakaazi wa muda, yaani wanafunzi, wafanyakazi wa mikataba na waomba hifadhi, waliongezeka kwa 804,901. Hao hawakuwa na kikomo kwenye mpango wowote uliopelekwa bungeni. Mlango wa mbele ulikuwa na bawabu na daftari. Wa uani ulikuwa wazi.

Nani aliuacha wazi? Jibu limetawanyika. Mwaka 2019 serikali ya jimbo la Ontario ilipunguza ada za wanafunzi wa nyumbani kwa asilimia 10 na kuzigandisha hapo. Vyuo vilivyokuwa na mishahara ya kulipa vikageukia wanafunzi wa kigeni, ambao ada yao ni mara kadhaa ya ile ya mwenyeji. Baada ya korona, migahawa, maghala na nyumba za wazee vililalamika kwamba havipati watu wa kazi. Novemba 2022 serikali kuu ikawaondolea wanafunzi wengi wa kigeni kikomo cha saa 20 za kazi kwa wiki, na kuanzia hapo chuo kikawa pia njia ya kupata ajira. Mawakala wa Punjab, Lagos na Nairobi wakaona soko. Kufikia mwisho wa 2023 wenye vibali vya masomo walikuwa zaidi ya milioni moja. Mkuu wa chuo alikuwa akiziba pengo la bajeti, mwenye ghala akitafuta mikono, mzazi akimtafutia mwanawe maisha. Kila mmoja alitenda jambo linaloeleweka, na jumla yao ikazaa kasi ya ukuaji ambayo hakuna aliyeipigia kura.

Umma ulibadilika haraka. Taasisi ya utafiti ya Environics ilikuwa imekuta mwaka 2022 kwamba asilimia 27 ya Wakanada wanaona wahamiaji wamezidi; mwaka 2024 walikuwa asilimia 58. Januari 2024 serikali iliweka kikomo cha vibali vya masomo. Oktoba mwaka huo Waziri Mkuu Justin Trudeau alikiri kwamba serikali yake haikupata uwiano sahihi, na mpango mpya ukashusha wakaazi wa kudumu hadi 395,000 kwa 2025, 380,000 kwa 2026 na 365,000 kwa 2027, huku wakaazi wa muda wakiwekewa lengo la kushuka hadi asilimia 5 ya watu wote. Athari ilionekana upesi. Katika robo ya tatu ya 2025 idadi ya watu wa Kanada ilipungua kwa takriban 76,000. Nchi iliyokuwa ikikua kwa kasi ya Tanzania ilikuwa imesimama, kisha ikarudi nyuma, ndani ya miaka miwili.

Tanzania haiwezi kufanya hivyo hata ingetaka, na hapa pana fundisho kubwa kuliko siasa za Ottawa. Ukuaji wa kuzaliana una mwendo wake. Karibu nusu ya Watanzania wana umri wa chini ya miaka 18. Hata kama kila mwanamke angeamua leo kuzaa watoto wawili tu, wasichana waliokwisha kuzaliwa wangekua, wangeolewa, wangezaa, na idadi ingeendelea kupanda kwa miongo. Ukuaji wa uhamiaji hupanda na kushuka kwa waraka wa waziri. Mipango ya uzazi hutaka kizazi kizima. Mpango wa viza hutaka mwaka wa fedha. Wepesi huo ni faida kwa mpangaji wa serikali, na ni kitanzi kwa kijana aliyeuza kiwanja cha babake kwa kuamini masharti ya mwaka jana.

Afrika Mashariki yenyewe inajua ongezeko la ghafla kuliko Kanada ilivyowahi kulijua. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24, wakimbizi wa Rwanda karibu 250,000 walivuka daraja la Rusumo juu ya Mto Kagera na kuingia Ngara. Hakukuwa na kiwango kilichopangwa wala fomu. Kambi ya Benaco ikazuka kwenye majani, ikawa kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania, na vilima vilivyoizunguka vikabaki vipara kwa kutafutwa kuni. Desemba 1996 walirudishwa, na karibu wote wakaondoka ndani ya wiki chache. Kwenye sensa za taifa watu hao hawakuacha alama, maana waliingia na kutoka kati ya ile ya 1988 na ile ya 2002. Lakini mkulima wa Ngara aliyeyaishi hayo anajua kwamba wastani wa taifa haumwambii mtu lolote kuhusu kisima cha kijiji chake.

Wapo pia waliobaki. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima, wakazaa, na watoto wao wakakua na Kiswahili kama lugha ya kwanza. Baadaye Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000, hatua ambayo ni nchi chache duniani zimewahi kuithubutu kwa mkupuo mmoja. Ulaya namba ya namna hiyo ingetikisa siasa. Kwa Tanzania, iliyoongeza wastani wa watu 140,000 kila mwezi kati ya sensa mbili za mwisho, ni sawa na ukuaji wa wiki tano. Waliopewa uraia walikuwa wameishi nchini karibu miaka 40 au wamezaliwa humo humo, hivyo hata wiki tano hizo zilikuwa za makaratasi. Ukubwa wa wimbi hutegemea bahari linakoingilia.

Ghuba inaonyesha namna ya tatu. Qatar ilihesabu watu 744,029 mwaka 2004 na 1,699,435 mwaka 2010. Idadi iliongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka sita. Robo tatu ya waliohesabiwa 2010 walikuwa wanaume, wengi wao mafundi ujenzi, madereva na walinzi kutoka Asia Kusini na, kadiri miaka ilivyokwenda, kutoka Kenya na Uganda. Nchi za namna hii hazizeeki kwa kuwa mfanyakazi haruhusiwi kuzeekea hapo. Mkataba ukiisha, anaondoka; kiungo chake na nchi ni mwajiri wake, si hati ya uraia. Waliotunga utaratibu huo waliepuka mzigo wa pensheni na shule za watoto wa wageni, na gharama yake ikabebwa na mtu mmoja mmoja: miaka kumi ya ujana kwenye bweni, watoto waliolelewa kwa simu.

Oman, nchi nyingine ya Ghuba, ina historia tofauti inayoigusa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 alihitaji watu wenye elimu, na waliitwa Waomani waliokuwa Zanzibar na sehemu nyingine za Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa wamepoteza kila kitu katika mapinduzi ya 1964. Walipewa uraia, wakawa walimu, madaktari, maofisa wa serikali, na mpaka leo Muscat ina nyumba ambamo mazungumzo ya jioni ni Kiswahili. Kwa lugha ya takwimu walikuwa wahamiaji. Serikali iliwaita watu wanaorudi kwao, na uamuzi huo wa neno moja ndio uliotofautisha hatima yao na ile ya kibarua wa kigeni anayejenga barabara hiyo hiyo.

Je, uhamiaji unaweza kuzuia nchi isizeeke? Mwaka 2000 Idara ya Idadi ya Watu ya Umoja wa Mataifa ilipiga hesabu hiyo kwa nchi kadhaa. Kuzuia idadi isipungue, ikaona, kunawezekana kwa nchi nyingi. Lakini kulinda uwiano wa vijana kwa wazee usibadilike kungeitaka Korea Kusini ipokee wahamiaji bilioni 5.1 kufikia 2050, zaidi ya robo tatu ya watu wote wa dunia wa wakati huo. Sababu ni nyepesi: mhamiaji wa miaka 28 naye atatimiza 65, na kumtunza atatakiwa mhamiaji mwingine. Ujerumani ni ushahidi ulio hai. Tangu 1972 vifo vimezidi vizazi huko kila mwaka bila kukosa, na bado idadi ya watu imepanda, kwa kuwa milango ilifunguka kwa nyakati tofauti kwa Waturuki, Wasiria na Waukraine. Mwaka 2022 peke yake waliohamia waliwazidi waliohama kwa zaidi ya milioni 1.4. Idadi imeokoka. Uzee haukuzuilika, na Septemba 2024 Kansela Olaf Scholz alikuwa Berlin na Rais William Ruto wakati nchi zao zikitia saini makubaliano ya kuwapokea Wakenya wenye ujuzi.

Makubaliano kama hayo yanastahili kusomwa na kalamu mkononi. Muuguzi wa Kenya anayekwenda Uingereza chini ya mkataba wa 2021, au Ujerumani chini ya huu wa 2024, amefika akiwa amekamilika. Chanjo zake zililipwa na Kenya. Shule ya msingi, chuo cha uuguzi, miaka ya kujifunza mazoezini, vyote vilikwisha kulipiwa na walipa kodi na wazazi wa Nyeri, Kisii au Kilifi. Nchi inayopokea inapata mtu mzima bila kununua hata nepi moja. Upande wa pili wa mizani zipo fedha zinazorudi: Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, zaidi ya mapato ya chai inayouzwa nje. Fedha hizo huezeka nyumba na kulipa ada. Haziwezi kumrudisha muuguzi zamu ya usiku katika wodi iliyobaki na mmoja kwa wagonjwa 40, na serikali zinazotia saini bila kutenga sehemu ya faida kwa ajili ya kufundisha wauguzi wengine zinauza mbegu.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kumtazama mhamiaji kama bidhaa iliyotoka nchi moja kwenda nyingine. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90, Kanada ilipokea zaidi ya 6,000 kati yao; walifuatiwa na wengine kutoka Tanzania na Kenya, akiwamo mwandishi M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, na akiwa Toronto akaandika riwaya ambazo ndani yake Kariakoo na pwani hazikuondoka. Ahmed Hussen alifika Kanada mwaka 1993 akiwa kijana mkimbizi kutoka Somalia. Miaka 24 baadaye alikuwa waziri wa uhamiaji, mtu anayepeleka bungeni ile namba ya mwaka.

Namba hiyo itaendelea kupelekwa, ikipanda na kushuka na majira ya siasa. Wakati huo huo, katika hesabu ya usiku ule wa Agosti 2022 wamo watoto waliokuwa na umri wa saa chache, waliohesabiwa wakiwa wamefungwa khanga pembeni ya mama zao wodini. Januari 2029 wataingia darasa la kwanza, na watahitaji dawati. Mwaka 2040 watatimiza miaka 18. Mwaka huo Wakanada wa mwisho wa kizazi kile cha baada ya vita, waliozaliwa 1965, watakuwa na miaka 75, na kila mmoja wao atahitaji mtu wa kumpima shinikizo la damu asubuhi.